KUTIA ALAMA NA MAPAMBO KATIKA VYOMBO VYA KAURI

Katika kambi za jeshi na kota za polisi, vyombo vya jikoni huenda na kurudi. Leo kuna arusi, kesho kuna matanga, na kila nyumba hutoa sahani na vikombe vyake. Shughuli ikiisha, vikombe vyeupe vya nyumba kumi hukutana katika karai moja, wala hapana awezaye kusema kipi ni cha nani. Hapo ndipo ugomvi wa majirani huanzia. Dawa yake ni nyepesi: kila nyumba na itie alama katika vyombo vyake, na alama yenyewe iwe pambo.

Mapenzi ya vyombo vya kauri si mageni katika Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani walipachika mabakuli na sahani za Uchina katika nguzo za makaburi, kama vile Kunduchi, na katika nyumba za mawe za Lamu walijenga vidaka vya ukutani vya kuwekea vyombo hivyo. Maua ya buluu ya sahani hizo hayafutiki, kwani rangi yake hutiwa chini ya tabaka la kioo, kisha chombo huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1200 za Sentigredi.

Sisi nyumbani hatuna tanuri ya namna hiyo. Rangi yetu hukaa juu ya kioo, wala haipenyi ndani. Kwa sababu hiyo kazi yataka uangalifu.

Vinavyohitajika ni kikombe cheupe kisicho na ufa, pamba, spiriti, na kalamu ya rangi ya mafuta. Makapeni ya kawaida ya kuandikia makatoni huvutia siku ya kwanza, lakini wino wake huyeyuka kwa spiriti, na huchujuka upesi kwa kuoshwa. Zipo pia kalamu zilizotengenezwa mahususi kwa kauri. Mwenye kuzipata na afuate maagizo ya mtengenezaji.

Osha kikombe kwa sabuni, ukikaushe, kisha ukipanguse kwa pamba iliyolowa spiriti. Kazi hii ifanywe mbali na moto, na madirisha yawe wazi. Tangu hapo usiguse mahali pa kuchora, maana mafuta ya vidole huzuia rangi kushika. Chora kwanza mfano wako juu ya karatasi: jani, samaki, au herufi ya jina la ukoo. Ukikosea juu ya kikombe, futa kwa spiriti kabla rangi haijakauka.

Kiache chombo siku nzima kikauke. Kisha kiweke katika oveni iliyo baridi, ndipo uiwashe hadi nyuzi 175. Zikipita dakika 30, zima moto, na usikitoe chombo mpaka oveni ipoe yenyewe. Kauri haivumilii joto la ghafla, hupasuka. Asiye na oveni asijaribu kukiweka kikombe juu ya makaa. Heri akiache kikauke siku kadhaa, akitumie kwa kuwekea maua au kalamu za watoto.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Wino huu haukutengenezwa kuliwa. Chai ya moto, maji ya limau na mafuta ya mchuzi vyaweza kuitoa rangi ikaingia tumboni. Basi usichore kamwe ndani ya kikombe, wala ndani ya bakuli, wala juu ya uso wa sahani unaowekwa chakula. Kwa nje, acha nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo, mahali midomo inapogusa. Kikombe cha mtoto mchanga anayetafuna kila kitu kisichorwe hata kidogo. Wala usipike chakula katika oveni wakati vyombo vilivyochorwa vimo ndani.

Chombo kilichopambwa huoshwa kwa mkono na kitambaa laini, si kwa steliwaya wala mchanga. Hata hivyo rangi itafifia siku zikipita. Ikianza kubanduka, ifute yote kwa spiriti, osha kikombe vizuri, na uanze upya.

Mwenye haraka na achore herufi moja tu chini ya kitako cha kila kikombe. Siku ya matanga itamtosha kuvitambua vilivyo vyake.