Kubebana: Kitanda na Sahani ya Mlimani

Aliyewahi kukaa mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana ya kubebana. Mwenye kitanda humbeba asiye nacho. Usiku godoro moja jembamba hulaliwa na wawili, mzungu wa nne: kichwa cha huyu miguuni pa yule. Alfajiri mbebwaji huwahi kuamka, akatandika shuka, akafagia, akajaza ndoo ya maji kabla mwenyeji hajafumbua macho. Hiyo ndiyo kodi yake, na hakuna anayemdai.

Mambo hayakuanza hivyo. Chuo kilipofungua milango Oktoba 1961, kilikaa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Miaka hiyo Serikali ndiyo iliyolipia malazi na chakula. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na wanafunzi wakazidi kuongezeka kuliko vitanda. Serikali ilipopunguza kuwabeba, wakabebana wenyewe. Kanuni za mabweni hazikuruhusu, lakini nani angemwacha mwenzake alale nje na begi lake? Mabweni ya Magufuli yalipofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, wengi walishusha pumzi.

Chakula nacho kina kalenda yake, na kalenda hiyo ni bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Bumu likitoka, utaona chipsi kuku hadi kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti wanakojadiliana masomo. Bumu likikata, watu hupiga pasi ndefu: unavuta muda hadi saa tisa au kumi alasiri, kisha unakula wali maharage mara moja, mchana na usiku vikaishia hapo. Asiyepata hata huo hupiga deshi, akanywa maji na kwenda maktaba.

Hapa ndipo adabu ya Mlimani inapoonekana. Mwenye njaa hasemi ana njaa, na mwenye chakula hasemi anatoa msaada. Jioni moja nikiwa mwaka wa kwanza, nilikuwa nimekaa kitandani nikijifanya nasoma. Mwenzangu wa chumbani akaingia na ugali, maharage na mchicha kwenye kontena la plastiki. Akafungua, akautazama, akaguna: "Wamenipimia mwingi leo. Njoo unisaidie, ndugu yangu, usije ukalala." Ugali wenyewe ulikuwa saizi ya ngumi mbili. Tulinawa, tukamega. Alipofika nusu akanyoosha mgongo, akasema ameshiba. Nilijua hajashiba, naye alijua kwamba nimejua. Hatukulisema neno hilo hadi tunahitimu.

Kosa kubwa katika maisha haya ni masimango. Unaweza kukoroma, ukachelewa kurudi, hata ukasahau zamu ya kudeki, na wenzako wakakuvumilia. Ila ukimkumbusha mtu kwamba amelala kitandani kwako au amekula chako, umeharibu. Neno hilo litazunguka korido nzima, na hata usiowabeba watakuona mdogo.

Sisifii uhaba. Kijana anayesoma anastahili kitanda chake na milo mitatu, na kila bweni jipya linalojengwa ni haki inayorudishwa. Lakini vitanda vikitosha siku moja, tusiiache ile adabu ya kumpa mtu bila kumvunjia heshima. Hadi leo, kwenye harusi na misibani, huwa namtambulisha yule bwana wa ugali kwa maneno machache: "Huyu alinibeba." Waliopita Mlimani humpa mkono kwa mikono miwili.