Fahamu: Kenya na hukumu ya kifo isiyotekelezwa

Mara ya mwisho Kenya kumnyonga mtu ilikuwa 1987, pale baadhi ya walioshiriki jaribio la mapinduzi la 1982 walipouawa katika gereza la Kamiti. Hata hivyo, mahakama bado hutoa hukumu ya kifo.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema si halali kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Jaji sasa husikiliza kwanza ombi la mshtakiwa la kupunguziwa adhabu. Adhabu yenyewe haikufutwa, na mwaka 2021 mahakama ikafafanua kuwa uamuzi huo unahusu mauaji pekee.

Wizi wa mabavu ukabaki nje. Fikiria vijana wawili wanampiga mpita njia na kumpora simu. Kwa kuwa ni wawili, Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataja adhabu moja tu: kifo.

Wanaoitetea hukumu ya kifo wanasema aliyefiwa anastahili haki, na uchungu wake ni wa kweli. Lakini mahakama hukosea, na aliyenyongwa hakatiwi rufaa. Bunge ndilo lenye uwezo wa kukibadilisha kifungu hicho. Muulize mbunge wako msimamo wake.