Una shahada na wataka kusomea udaktari Marekani? Soma haya kwanza

Na MWANDISHI WETU

MWALIMU aliyesomea historia katika chuo kikuu humu nchini, akafundisha kwa miaka kadhaa kisha akahamia Marekani kwa kadi ya kijani, mara nyingi hujikuta akianza maisha upya. Usiku hutunza wazee katika makao yao, mchana hulala. Huko ndiko ndoto ya zamani ya kuwa daktari hufufuka, kwa kuwa kila zamu humkutanisha na wagonjwa, wauguzi na madaktari.

Swali linalomsumbua ni moja. Je, mtu aliyekwisha kuhitimu katika taaluma nyingine anaweza kurudi darasani na kusomea udaktari?

Jibu ni kwamba anaweza. Marekani ina mipango maalumu ya maandalizi ya udaktari kwa watu ambao tayari wana shahada ya kwanza. Hata hivyo, mipango hiyo ni ya aina mbili, na anayetuma maombi kwa ule usiomfaa hupoteza muda na fedha ambazo hatazirejesha.

Mfumo tofauti na wetu

Humu nchini, mwanafunzi hujiunga na kitivo cha udaktari moja kwa moja baada ya sekondari kwa kutegemea matokeo yake ya KCSE, na masomo huchukua miaka sita.

Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa muda wa miaka minne. Si lazima shahada hiyo iwe ya sayansi. Aliyesomea historia, muziki au uhasibu anakubaliwa, mradi awe amepita masomo fulani ya lazima.

Masomo hayo kwa kawaida ni biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, kila moja kwa mwaka mzima pamoja na kazi ya maabara. Vyuo vingi huongeza biokemia, hisabati au takwimu, na Kiingereza. Saikolojia na elimu ya jamii pia zina umuhimu wake, kwa kuwa hutahiniwa katika mtihani wa kujiunga.

Mipango ya aina mbili

Aina ya kwanza ni ya wanaobadilisha taaluma, yaani wale ambao hawajawahi kusoma sayansi hizo katika chuo kikuu. Mwalimu wetu wa historia yumo katika kundi hili.

Mpango wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, ulioanzishwa mwaka 1955, ndio mkongwe zaidi. Chuo cha Bryn Mawr katika jimbo la Pennsylvania kilianzisha wake mwaka 1972. Ingawa masomo yake ya shahada ya kwanza ni ya wanawake, mpango huu huwapokea hata wanaume. Chuo cha Goucher, katika jimbo la Maryland, nacho kina mpango wa aina hii.

Bryn Mawr na Goucher huyakamilisha masomo yote kwa takriban mwaka mmoja wa kusoma mfululizo bila kazi nyingine. Kwingineko, hasa kwa wanaosoma huku wakifanya kazi, maandalizi huchukua miaka miwili au zaidi.

Aina ya pili ni ya waliosoma sayansi lakini wakapata alama duni. Hawa husoma kozi za juu zaidi za sayansi ili kuthibitisha kwamba sasa wanaweza. Wengine hujiunga na shahada ya uzamili iliyobuniwa kwa lengo hilohilo.

Ni muhimu kuelewa kwamba alama za zamani hazifutwi. Mtu akirudia kozi aliyoanguka, huduma ya maombi ya vyuo vya udaktari huhesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana mwenye shahada ya sayansi hapaswi kuomba mpango wa wanaobadilisha taaluma. Wengi wa waandaaji wake humkataa mara moja, kwa sababu masomo hayo tayari ameyasoma.

Shahada ya Kenya ina uzito gani?

Hapa ndipo Wakenya wengi hukwama. Huduma kuu ya maombi, iitwayo AMCAS, haithibitishi alama za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, wala haizijumuishi katika wastani wa mwombaji. Isitoshe, vyuo vingi vya udaktari hudai kwamba masomo ya lazima yawe yamesomwa katika chuo kinachotambuliwa cha Marekani au Kanada. Baadhi hutaka shahada yenyewe iwe ya huko.

Kwa hivyo, hata aliyesoma kemia na biolojia kwa ufanisi jijini Nairobi au Eldoret huenda akalazimika kuzisoma tena. Kabla ya kulipa karo popote, mwombaji anapaswa kuviandikia vyuo vya udaktari anavyovilenga, aulize iwapo vinaitambua shahada yake na ni kozi ngapi anazohitaji kusoma upya. Majibu hayo na ayahifadhi kwa maandishi.

Uraia na fedha

Kikwazo kikubwa zaidi kwa Mkenya si fizikia. Ni hali yake ya ukaazi.

Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wanafunzi wa kigeni. Vinavyowapokea ni vichache, na baadhi hudai uthibitisho kwamba mwanafunzi ana fedha za kugharimia miaka yote minne hata kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali kuu nayo hutolewa kwa raia, wakaazi wa kudumu na makundi mengine machache tu.

Anayesafiri kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hana budi kusoma kwa muda kamili. Hivyo basi, madarasa machache ya jioni, ambayo huwafaa wafanyakazi walio na kadi ya kijani, hayamfai yeye.

Hata kwa mwenye kadi ya kijani, gharama ni mzigo. Mipango rasmi ya vyuo vya kibinafsi hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na mikopo ya masomo ya maandalizi ni kidogo ikilinganishwa na karo hiyo. Aidha, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imewawekea kikomo wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Mwanafunzi wa udaktari hawezi kukopa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kutoka kwa serikali kuu, wala zaidi ya dola 200,000 kwa jumla. Panapo upungufu, itambidi ajaze mwenyewe au akope kwa benki.

Ipo njia nafuu. Mtu anaweza kujipangia masomo yaleyale katika chuo kikuu cha umma kilicho karibu naye, kozi moja baada ya nyingine, bila kujiunga na mpango wowote rasmi. Atakachokosa ni mshauri wa karibu, barua ya pamoja ya kamati ya chuo, na makubaliano maalumu ambayo baadhi ya mipango rasmi ina vyuo vya udaktari, yanayomwezesha mwanafunzi hodari kujiunga navyo bila kusubiri mwaka mzima.

Namna ya kuomba

Waandaaji wa mipango hii hutaka nakala rasmi za matokeo, barua za mapendekezo, na insha inayoeleza kwa nini mwombaji anataka kuwa daktari. Insha hiyo ndiyo huwatenganisha waombaji wenye alama zinazolingana. Kuandika kwamba unapenda kusaidia watu hakutoshi, kwani kila mtu huandika hivyo. Aliyetunza wagonjwa usiku ana ushahidi wa kazi yake, naye na aueleze bila kutia chumvi.

Vilevile, waamuzi hutaka kuona kwamba mwombaji amewahi kuwa karibu na wagonjwa na kumfuata daktari kazini ili kuona shughuli zake za kila siku.

Baada ya masomo hufuata mtihani wa MCAT, ambao pamoja na mapumziko huchukua zaidi ya saa saba. Una sehemu nne, na alama zake huanzia 472 hadi 528. Matokeo yake hutambuliwa na vyuo vingi kwa miaka miwili au mitatu tu, hivyo si busara kuufanya mapema mno.

Maombi ya udaktari huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mapema Juni, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza. Vyuo vingi huyapitia kadiri yanavyowasili, na anayechelewa hadi vuli hukuta nafasi nyingi za mahojiano zimekwisha kutolewa.

Ushindani nao ni mkali. Katika msimu wa mwaka 2023, waombaji walizidi 52,000, na waliojiunga na vyuo vya shahada ya MD walikuwa takriban 23,000.

Piga hesabu ya miaka

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ni vyema ajue atainama kwa muda gani. Maandalizi ni mwaka mmoja au miwili, kusubiri majibu ni mwaka mwingine, udaktari ni miaka minne, na mafunzo ya hospitalini baada ya kuhitimu ni kati ya miaka mitatu na saba. Anayeanza akiwa na umri wa miaka 32 huenda akawa na miaka 42 au zaidi kabla ya kufanya kazi bila kusimamiwa.

Hilo si jambo la kumvunja mtu moyo. Miaka hiyo itapita tu, asome au asisome. La muhimu ni ajiulize maswali matatu kabla ya kutuma karo: Je, hali yangu ya ukaazi inaniruhusu kufika mwisho? Je, vyuo ninavyovitaka vinaitambua shahada yangu? Je, ni mpango upi kati ya hiyo miwili unaonifaa?

Asiyekuwa na majibu na aanze na kozi moja ya kemia katika chuo cha karibu. Muhula mmoja utamwonyesha, kwa gharama ndogo, iwapo anaweza kurudi darasani.