Kulungu wa Hesabu: Mtu wa Shianda Anavyojiandaa kwa Mawindo ya Mgao

Tarehe 1 Septemba ndiyo siku ya mwisho ya kuomba nafasi ya kuwinda kulungu kwa mgao. Ikipita, maombi hufungwa jimbo zima la Georgia, Marekani, na aliyezubaa husubiri mwaka mwingine. Mimi hujaza yangu mapema, ramani za ardhi ya umma zikiwa zimetandazwa mezani, kwa sababu kuchagua pahali pa kuwinda hakutaki haraka.

Nilizaliwa Shianda, upande wa Mumias, nikakulia katikati ya miwa na mahindi. Siku hizi naishi karibu na Atlanta, mji wenye Wakenya wengi, na nimekuwa mwindaji wa kulungu. Nikirudi nyumbani likizo, habari hii huzua maswali kuliko kazi yangu. Vijana huuliza kama serikali ya huko inagawa nyama bure. Mpwa wangu aliwahi kuniuliza, "Mjomba, mnaenda na mbwa wangapi?" Wazee wao huuliza jambo moja tu: mbona sijafungwa?

Maswali hayo yana msingi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Wengi wa rika langu na walio chini yetu hawajawahi kumwona jirani akirudi na mnyama wa porini kihalali. Kilichobaki ni masimulizi ya mababu kuhusu mikuki, nyavu na mbwa, enzi ambazo vichaka vilikuwa vingi kuliko mashamba. Naandika nieleze jinsi mtu anavyojiandaa kuwinda kwa ruhusa, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla bunduki haijatolewa kabatini.

Mgao unavyopangwa

Kulungu wa Georgia ana mkia ambao upande wa chini ni mweupe pe. Akishtuka huuinua, ukaonekana kama kitambaa kinachopungwa. Kimo chake kinazidi kidogo cha pongo wa Msitu wa Kakamega, lakini pembe zake ni tofauti: dume huziangusha kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota nyingine. Pongo hana habari hiyo. Pembe zake ni za maisha.

Wanyama hawa ni mali ya umma. Idara ya Maliasili ya jimbo ndiyo inayowasimamia, na imetenga maeneo mengi ambayo mwananchi yeyote mwenye leseni anaweza kuingia. Katika baadhi ya maeneo, watu wakiachiwa waingie wote kwa pamoja, kulungu wataisha na wawindaji wenyewe watapigana risasi. Ndipo mgao unapoingia. Wataalamu wa wanyama hutazama hali ya kundi: madume na majike wakoje, ndama wangapi wanapona, chakula kinatosha kiasi gani. Kisha huamua ni watu wangapi waruhusiwe, siku zipi, na waue dume au jike.

Waombaji wakizidi nafasi, kompyuta hupiga kura. Aliyekosa hupewa pointi ya kipaumbele, na pointi hizo humsogeza mbele miaka inayofuata. Maeneo yenye sifa huhitaji subira ndefu. Kisiwa cha Ossabaw, karibu na Savannah, hakina daraja. Ukishinda kura bado utafute boti. Mimi napenda Clybel, mashariki ya Atlanta, kwa sababu ninaweza kufika mara nyingi kabla ya msimu, na pana uwanja wa kulenga shabaha hapo hapo.

Walikuwa wameisha

Jambo linalowashangaza watu wa nyumbani kuliko yote ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu walikuwa karibu kutoweka Georgia. Waliwindwa bila kipimo, nyama na ngozi zikauzwa sokoni, misitu ikakatwa. Katika milima ya kaskazini inasimuliwa kwamba kulungu wa mwisho aliuawa mwaka wa 1895 na baba wa kijana aliyeitwa Arthur Woody. Kijana huyo alikua akawa askari wa misitu wa serikali ya shirikisho, na katika miaka ya 1920 akanunua ndama wa kulungu kwa pesa zake, akawalea na kuwaachilia milimani. Baadaye serikali ya jimbo iliendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa, ikihamisha wanyama kutoka kwingineko. Leo Georgia ina kulungu zaidi ya milioni 1.

Sehemu kubwa ya pesa za kazi hiyo ilitoka kwa wawindaji wenyewe. Mwaka wa 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Pittman-Robertson, ambayo kodi yake ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi hupelekwa kwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Ninaponunua pakiti ya risasi, ninalipia utafiti na ulinzi wa mnyama yule yule ninayemfuata. Biashara ya nyama ya kulungu wa porini nayo ilipigwa marufuku. Unaweza kula, kupikia wageni au kugawa sadaka, lakini huwezi kuuza hata kilo moja.

Darasa na makaratasi

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1961 au baadaye lazima asome kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kupata leseni. Hufundishwa kubeba bunduki, kuvuka ua ukiwa nayo, kumtambua mnyama kikamilifu, na kujua kilicho nyuma yake kabla ya kufyatua. Baada ya hapo hununua leseni ya kuwinda na ile ya wanyama wakubwa, na kuchukua fomu ya kuandikia mawindo.

Wakenya wenzangu wanaofikiria jambo hili wasikilize vizuri hapa. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kumiliki bunduki kama raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida hukatazwa na sheria ya shirikisho kushika bunduki au hata risasi, na kuwa na leseni halali ya kuwinda ni mojawapo ya misamaha michache iliyopo. Kosa moja linaweza kukurudisha nyumbani. Muulize wakili wa uhamiaji kwanza, hata kama rafiki yako amekuhakikishia kwamba hakuna shida.

Kuusoma msitu

Kura ikishatoka, naanza kutembea. Septemba na Oktoba naingia msituni bila bunduki, nikitafuta chakula. Mialoni myeupe huangusha mbegu zake msimu huo, na kulungu huzipenda kuliko karibu kitu kingine chochote. Naokota maganda, naangalia: yaliyopasuliwa vipande vipande ni ya kulungu, yaliyotafunwa kingoni ni ya kuchakulo. Natafuta miti michanga iliyochunwa gamba na dume anaposugua pembe, na mahali alipoparura ardhi kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia. Ardhi hiyo huwa na unyevu na harufu kali ya mkojo. Ukikuta imeparurwa upya asubuhi, mwenyewe yuko karibu.

Mbwa tunawaacha nyumbani. Anayetafutwa hapa ana pua ya ajabu, na upepo ukimpelekea harufu yako, siku yako imekwisha. Kwa hiyo nabeba kichupa kidogo cha plastiki chenye unga laini wa ngano. Nakibonyeza mara moja, kiwingu cheupe kinatoka, nakifuata kwa macho hadi kitawanyike kati ya miti. Mara nyingine huenda moja kwa moja, kisha kikifika bondeni hugeuka na kurudi nyuma. Ukishaliona hilo huwezi tena kukaa popote ili mradi umekaa. Mimi huchora upepo wa asubuhi na wa jioni kwenye ramani na kuchagua sehemu mbili, ili mmoja ukinisaliti niwe na pengine pa kwenda.

Katika ardhi ya umma hairuhusiwi kumwaga mahindi kuwavutia kulungu, wala kupigilia misumari kwenye mti. Kiti cha mtini kinafungwa kwa mikanda na kuondolewa. Kiti hicho kinataka heshima, kwani wawindaji wengi wanaoumia Marekani huumia kwa kuanguka kutoka mtini. Navaa mkanda wa usalama wa mwili mzima tangu mguu unapotoka ardhini mpaka unaporudi, na bunduki ikiwa haina risasi huipandisha kwa kamba nikishakaa.

Risasi moja

Msituni shabaha huwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, lakini bunduki lazima ijulikane. Uwanjani naiweka juu ya mfuko wa mchanga, napiga risasi tatu kwenye karatasi, naenda kutazama. Matundu yakikaribiana lakini yako kushoto, nazungusha kirekebishi cha darubini na kurudia. Yakitawanyika, kosa ni langu: pumzi, kidole, au bega. Sitoki hapo mpaka niwe na hakika, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani ni mateso yasiyo na maana. Nalenga nyuma kidogo ya bega, penye mapafu na moyo, naye akiwa amesimama ubavu. Akinitazama uso kwa uso au amenipa mgongo, namwacha aende.

Nguo ya juu lazima iwe ya rangi ya machungwa inayong'aa, yenye eneo la inchi 500 za mraba kwa uchache. Watu wa nyumbani huuliza kama mnyama haoni rangi hiyo. Jicho la kulungu halitofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo machungwa hayo kwake hayawaki. Kinachomshtua ni mwendo wako.

Saa za kuwinda zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Mimi ni Mwislamu, kama jamaa zangu wengi wa Mumias. Nasema Bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kikali kiko kiunoni ili nikimkuta angali hai nimchinje.

Akishaanguka, kabla sijamsogeza hata hatua moja, naandika tarehe na kaunti kwenye fomu. Ndani ya saa 24 lazima niripoti kwa Idara na kupewa namba ya uthibitisho. Ripoti hizo ndizo zinazotumiwa kupanga msimu ujao. Kisha natoa matumbo hapo hapo, nikijihadhari nisipasue kibofu wala utumbo, maana matone machache huharibu paja zima. Novemba ya Georgia inaweza kuwa na joto, kwa hiyo masanduku ya barafu huyajaza kabla sijatoka nyumbani. Januari 2025 ugonjwa wa kudhoofisha kulungu ulithibitishwa Georgia kwa mara ya kwanza, katika kaunti ya Lanier. Tangu hapo nafuatilia matangazo ya Idara kuhusu kupima nyama na kusafirisha mzoga. Nyama yenyewe haina mafuta mengi. Mke wangu huipika polepole kwa nyanya na dania, tunaila kwa ugali na kunde. Sehemu nyingine huwapelekea majirani.

Na sisi je?

Swali la mwisho la Shianda huwa hili: Kenya nayo ifungue uwindaji? Majirani zetu Tanzania wanawinda kwa leseni na mgao. Kwetu Kenya, katika miaka ya 1990 serikali iliwaruhusu baadhi ya wenye mashamba kuvuna wanyama kwa mgao, mpaka mpango huo ukasimamishwa mwaka wa 2003. Wapo wanaotaka urudi na wapo wanaopinga, na kila upande una hoja nzito.

Mimi nashika jambo linalotangulia mjadala huo. Utafiti ulioongozwa na Joseph Ogutu, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, mwaka ule ule wa marufuku. Mifugo iliongezeka, ardhi ikakatwakatwa, na ujangili ukaendelea. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori tuliifanya mwaka wa 2021. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa na katazo, lakini hatukuwa na hesabu ya nchi nzima.

Georgia ilinifundisha kwamba ruhusa ya kuua mnyama mmoja inatoka kwa watu waliokaa mwaka mzima wakihesabu, wakipima na kuandika. Kazi hiyo inafaa hata mahali ambapo hakuna atakayewinda kamwe. Pongo na paa wa Msitu wa Kakamega wanahitaji mtu wa kujua wamebaki wangapi na wanazaliana wapi, na mtu huyo afadhali awe mwenyeji anayeujua msitu. Huko Naivasha kuna Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, na vyuo vikuu vyetu vinafundisha elimu hiyo. Mpwa wangu aliyeniuliza habari za mbwa anapenda baiolojia, nami nimemwahidi kumsaidia karo akichagua njia hiyo. Wazazi wa Shianda wenye watoto wa aina yake wawaache wasome wanyama. Wenzao wa Georgia walifanya kazi hiyo wakarudisha kulungu waliokuwa wamekwisha.