Kwa Nini Dola Haitoki Sokoni Bunyakiri

Muuza mawese wa Bulambika, pale Bunyakiri mashariki mwa Kongo, akibakiwa na faida kidogo hutafuta mbadilishaji na kuigeuza kuwa dola. Anayemuuzia bidhaa mjini Bukavu anataka dola, mwenye nyumba naye vilevile. Kinachomwongoza ni dhana yake kuhusu kile ambacho wenzake watapokea kesho. Ndiyo maana noti ya dola iliyochanika kiasi cha ukucha hukataliwa, ingawa Marekani yenyewe inaitambua.

Modeli nyingi za uchumi wa taifa hukwama hapo. Ili hesabu ziwezekane, mamilioni ya watu hugeuzwa mtu mmoja wa wastani, anayepima bei na riba peke yake. Mwaka 1956 mwanauchumi Phillip Cagan alichunguza mifumuko mikali ya bei iliyowahi kuikumba Ulaya, akaonyesha kwamba watu huikimbia pesa kadiri wanavyotarajia bei kupanda. Zaire ya 1994, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, bei zilipopaa kwa maelfu ya asilimia, ilimthibitisha.

Kwa hesabu hiyo, bei zikitulia watu wangeirudia pesa yao. Hawakuirudia. Mwaka 2013 mfumuko wa bei Kongo haukufika asilimia 2, na dola ilikaa miaka kadhaa karibu na franga 920. Bado zaidi ya asilimia 80 ya amana za benki zilibaki katika dola. Nani aanze kuiacha, ikiwa jirani bado anaidai?

Eneo la Kasai lilitoa mfano wa ajabu zaidi. Rais Mobutu alipoleta sarafu ya zaire mpya mwaka 1993, watu wa huko waliikataa wakabaki na noti za zamani, zilizokwisha kufutwa na serikali. Kwa kuwa hazikuchapishwa tena, zilishika thamani kuliko zile halali.

Mwanauchumi Robert Lucas alionya mwaka 1976 kwamba sera ikibadilika, mwenendo wa watu nao hubadilika, na takwimu za jana hupotosha. Kwa Kongo naliona onyo hilo kuwa kweli nusu tu: sera imebadilika mara nyingi, mwenendo umeganda. Agosti 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25. Modeli ya kawaida ingetarajia wakopaji wajikunyate. Lakini mfanyabiashara wa Bukavu aliyekopa kwa dola, riba ya franga inamfikia kwa njia gani?