Mawimbi ya Masafa Mafupi na Kilo za Mkulima



Makatibu wa Masasi na Newala huniuliza mara kwa mara: vifaa vya chama viunganishwe kwa njia gani pasipo waya? Swali hili si dogo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwa korosho mwaka 2007, malipo ya mkulima hufuata kilo zilizoandikwa chamani.

Njia za kawaida ni tatu.

Kwanza, Bluetooth. Huunganisha vifaa vilivyo karibu, kwa kawaida ndani ya mita 10, nayo hutumia umeme kidogo. Yafaa kati ya mizani ya kidijitali, simu ya karani na mashine ndogo ya kuchapa stakabadhi.

Pili, Wi-Fi. Hufika makumi ya mita na hubeba habari nyingi kwa haraka, hata kompyuta kadhaa zikaitumia pamoja. Lakini hula umeme zaidi, na yahitaji nywila imara, kwani mawimbi hayaishii ukutani.

Tatu, NFC. Hufanya kazi kwa sentimita chache tu, kadi inaposogezwa kwenye kifaa. Yafaa kumtambua mwanachama, kwa kuwa kadi ya aliye nyuma kwenye foleni haiwezi kusomwa kwa bahati mbaya.

Ieleweke kwamba hakuna hata moja kati ya hizi ifikayo MAMCU au TANECU. Kutoka ghalani hadi Chama Kikuu, habari huhitaji mtandao wa simu au wa waya.

Katika ukaguzi mmoja nilikuta ghalani mizani mbili za aina moja. Simu ya karani ilikuwa imeungana na mizani ya pili, na kilo za mwanachama mmoja zikaandikwa kwa mwenzake. Kosa liligunduliwa kwa sababu mkulima alisoma stakabadhi yake kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo, hapana budi yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kila mizani ipewe jina lake, na namba ya siri iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe ikiwezekana.

(b) Karani alinganishe kilo za kwenye mizani na za kwenye simu mbele ya mkulima.

(c) Nywila ya Wi-Fi ibadilishwe kila mtumishi anapoondoka.

(d) Nakala ya stakabadhi ya karatasi itunzwe.

Waya umeondoka, wajibu wa kuhakiki haukuondoka.