Kiroba Kinachobaki

Kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, mawe yakishapandishwa juu na kujazwa kwenye viroba, hesabu huanza kabla karasha, mashine ya kusaga mawe, halijawashwa. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao. Mgawo hutofautiana machimbo kwa machimbo, lakini ule wa asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara na 30 kwa wachimbaji unafahamika katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, nasi tutautumia. Tuseme leo vimepatikana viroba 47. Kila upande upate vingapi?

Kwa mtu anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, sioni swali la kumfaa zaidi ya hili. Namba zake ni ndogo, majibu yake yana uzito kwa watu wanaoyasubiri, na ndani yake kuna mtego ambao hauonekani mpaka uanze kugawa.

Wanafunzi wengi wakipewa swali hukimbilia kuandika. Simu janja iko mkononi, programu ya kuandikia Python imeshapakuliwa, vidole vinawasha. Mimi huwaomba waiweke simu pembeni kwanza. Chukua karatasi, gawa mwenyewe kwa mkono, na kila unachokifanya kiandike, hata kile unachoona ni aibu kukiandika kwa jinsi kilivyo wazi. Asilimia 30 ya 47 ni 14.1. Asilimia 40 ni 18.8. Hapo kalamu husimama, maana nukta nane ya kiroba haibebeki begani.

Pale duarani hakuna anayebabaika. Watu huhesabu viroba vizima, kisha cha ziada wanakubaliana: kifunguliwe kigawanywe kwa karai, au kiende upande fulani leo na upande mwingine kesho. Hatua hiyo hupita bila kutamkwa kwa sababu kila aliyepo anaijua. Kompyuta haijui. Ni kama kibarua aliyeshuka kwenye basi asubuhi hii: ana nguvu, ana utii, lakini hajui desturi hata moja ya machimbo haya. Ugumu wa kuandika programu, hasa mwanzoni, uko hapa. Alama na amri za lugha ya kompyuta mtu huzizoea kwa wiki chache. Kinachochukua muda ni kujifunza kuzitoa kichwani hatua ambazo tumezifanya miaka yote bila kuzisema.

Karatasi ikishakamilika, kuandika programu yenyewe kunabaki kazi fupi. Katika Python, lugha iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, mgawo wetu unakaa hivi:

viroba = 47
leseni = viroba * 30 // 100
duara = viroba * 40 // 100
wachimbaji = viroba * 30 // 100
baki = viroba - leseni - duara - wachimbaji

Nyota ni kuzidisha. Mikwaju miwili inasema: gawanya, chukua namba nzima, desimali iache. Majina ya kushoto ni yetu wenyewe, na Python haina shida na Kiswahili. Mwenye leseni anapata 14, mwenye duara 18, wachimbaji 14. Jumla ni 46. Mstari wa mwisho ndio unaokamata kiroba kimoja kilichobaki. Bila mstari huo programu ingekwenda vizuri kabisa, isingetoa onyo lolote, na kiroba cha watu kingepotea kimyakimya.

Kwa hiyo kila mgawo, uwe wa mawe, fedha au mchele, uwe na mstari unaojumlisha mafungu yote na kuuliza kama yanarudi kwenye ulichoanza nacho. Mwanahisabati George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali ya hesabu, alizitaja hatua nne: kulielewa swali, kupanga, kutekeleza, kisha kugeuka na kulikagua jibu. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa kuliko zote, maana jibu likitokea kwenye kioo mtu huona kazi imekwisha.

Kugawa kwa hatua zilizoandikwa kuna mizizi ya zamani kuliko kompyuta. Al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu cha aljebra karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya mirathi: marehemu ameacha mume, mama na mabinti, ana deni, ameacha na wosia, kila mmoja apate nini. Aliyaeleza yote kwa maneno matupu, hatua baada ya hatua, bila alama za hesabu tunazotumia leo. Na mafundi wa mirathi wanajua kwamba mazishi, deni na wosia hutolewa kabla ya mafungu ya warithi. Ukigeuza mpangilio huo, umebadilisha haki za watu.

Machimboni ni vilevile. Tuseme safari hii kinachogawanywa ni fedha za mauzo, shilingi 2,000,000, na gharama za chakula, mafuta ya pampu na karasha ni 500,000. Gharama zikitolewa kwanza, asilimia 30 ya wachimbaji ni shilingi 450,000. Zikibebwa na mwenye duara peke yake kutoka kwenye fungu lake, wachimbaji wanapata 600,000. Mistari ni ileile, kilichohama ni nafasi ya mmoja, na tofauti ni shilingi 150,000. Mwandishi wa programu hana ruhusa ya kukisia hapo. Lazima akaulize waliokubaliana, tena aulize kabla ya kuandika.

Twende sokoni. Tangu mwaka 2019, soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita, mchimbaji mdogo anapimiwa na kuuza mahali palipo wazi, na makato yanafanyika hapohapo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mirabaha ya dhahabu kuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Chukua gramu 12.4 kwa bei ya mfano ya shilingi 200,000 kwa gramu: thamani ni 2,480,000, mirabaha 148,800, ada 24,800, mkononi zinabaki 2,306,400 kabla ya makato mengine. Viwango hivi viandikwe juu kabisa ya programu, kila kimoja kwa jina lake. Bunge likivibadilisha, unagusa mstari mmoja tu, huna haja ya kusaka 6 ilikojificha kwenye kurasa nzima.

Desimali nazo zina hila yake. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2, atajibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu. Dawa yake ni kupima kwa kipimo kidogo kisichohitaji nukta: dhahabu iwe miligramu 12,400, fedha ziwe shilingi nzima.

Kisha ijaribu programu kwa namba zenye vituko. Viroba 100 vitaonyesha kama asilimia zako ziko sawa. Kiroba 1 kitampa kila upande sifuri, na baki itakuwa 1. Ukigawa fungu la wachimbaji kwa idadi yao na siku hiyo hakuna aliyeandikwa, Python itakataa kugawa kwa sifuri na kusimama, kwa hiyo programu iulize kwanza kama wapo.

Jaribu sasa viroba 53 na wachimbaji 7, kwa karatasi kabla ya simu. Mwenye leseni apate 15, mwenye duara 21, wachimbaji 15, vibaki 2. Kila mchimbaji apate 2, na ndani ya fungu lao kibaki kimoja. Hivyo vitatu ni vya nani, kawaulize wenyewe, kisha uandike mstari wake.